Mwaka mmoja Ujerumani: usigeuzwe mfano wa ubaoni

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili, nasoma isimu hapa Dar es Salaam. Nimepata nafasi ya kwenda Ujerumani mwaka mmoja wa masomo, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, kuanzia Oktoba. Nyumbani ni Bukoba na lugha yangu ni Kihaya. Wenzangu wananiambia nitapoteza mwaka, nitarudi nikute darasa langu limeshahitimu. Idara ya kule wameniandikia vizuri sana, wanasema watafurahi nikiwasaidia kwenye madarasa ya Kiswahili na kwenye somo lao la utafiti wa lugha. Niende? Nisome nini huko ambacho hapa sikipati? Kijerumani changu kinaishia Guten Tag.

JIBU

Marahaba, mwanangu, na hongera. Nenda. Hilo nalitanguliza ili likutulize roho, maana mengi yanayofuata yanaweza kusikika kama ya mtu anayekutisha.

Katika barua yako yote, kilichonisimamisha si hiyo hofu ya kupoteza mwaka. Ni pale wanaposema watafurahi ukiwasaidia. Nia yao ni njema, sina shaka. Mwalimu wa isimu wa Ulaya akipata Mhaya darasani ni kama mpishi aliyeletewa sato bado anapiga mkia. Swali ni nani atakayekula.

Somo hilo la utafiti wa lugha nalijua. Wanafunzi kumi au kumi na wawili wanazunguka meza, katikati kuna kinasa sauti, na kwenye kiti cha mbele ameketi mtu mmoja anayejua lugha ambayo wengine wote hawaijui. Wao kazi yao ni kuichimbua sarufi kwa maswali, yeye kazi yake ni kujibu. "Unasemaje 'tulifunga'?" Utasema tukomile. Wataandika, watakata vipande: tu- ni sisi, -kom- ni funga, -ile ni wakati uliopita. Kila mtu karidhika. Wiki ya pili mmoja anakuomba usimulie ulichofanya leo asubuhi, nawe bila kuwaza unasema twakoma. Kalamu zinasimama. Mwingine anaomba ngano aliyokuwa akiisimulia bibi yako, na humo inatoka tukakoma. Sasa wanakutazama kama shahidi anayebadilisha maelezo mahakamani, na wewe unatoa lile jibu letu sote: "Inategemea."

Inategemea nini? Mtoa data kazi yake imekwisha hapo kwenye "inategemea". Ya mwanaisimu ndiyo kwanza inaanza. Twakoma ni ya leo, tukomile ni ya jana, tukakoma ni ya kabla ya jana na kurudi nyuma. Kihaya kinapima jambo lililopita liko umbali gani. Kiswahili na -li- yake hakina habari, "tulifunga" ya leo asubuhi na "tulifunga" ya enzi za babu ni moja. (Na Mswahili akikusikia ukisema twakoma atadhani mmeacha pombe.) Vitenzi hivi hivi vya Kihaya vimo katika kitabu cha Bernard Comrie cha 1985 kuhusu njeo, yaani nyakati za vitenzi, yule aliyekuja kuongoza idara ya isimu ya Taasisi ya Max Planck pale Leipzig tangu 1998 hadi 2015. Kwa hiyo usidhani unawapelekea kitu wasichowahi kukisikia. Lugha yako iliwatangulia kwenye rafu zao. Anayekosekana pale ni Mhaya anayeuliza maswali.

Kile kiti cha mbele kina historia ndefu, na ni vizuri uijue kabla hujakikalia. Mwaka 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili kwenye Seminari ya Lugha za Mashariki, iliyokuwa imefunguliwa 1887. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilipotoka 1903, sehemu kubwa ilikuwa kazi ya mkono wake, lakini jina lililopigwa chapa kama mwenye kitabu lilikuwa la Mjerumani Carl Velten. Darasani kulikuwa na wanafunzi ambao hawakutaka kufundishwa na Mwafrika, na 1905 akaiacha kazi ile. Alifariki huko huko Ujerumani, 1927.

Sasa linganisha na kitabu kingine, kinachokuhusu zaidi. Mwaka 1977, kule Los Angeles, Chuo Kikuu cha Southern California kilitoa mkusanyo wa makala za sarufi ya Kihaya wenye wahariri watatu: Ernest Rugwa Byarushengo, Alessandro Duranti na Larry Hyman. La kwanza ni jina la Mhaya, na ndani mna makala yake mwenyewe. Au mtazame Lioba Moshi, mzungumzaji wa Kivunjo, Kichaga cha Kilimanjaro. Mwaka 1990 aliandika na Joan Bresnan makala ambayo hadi leo huwezi kusoma sintaksia ya Kibantu ukaikwepa. Walionyesha kwamba katika sentensi ya aina ya "alimpikia mkewe chakula", Kichaga kinawapa yambwa wawili, mke na chakula, haki sawa za kisarufi, wakati lugha nyingine kama Chichewa zinampa mmoja tu. Wote hawa walikaa meza ile ile ya maswali. Tofauti ni upande wa kalamu.

Mimi nilikaa upande mbaya. Miaka mingi imepita na chuo sitakitaja. Nilifika nikapokewa kwa mikono miwili, na muhula mzima nikawa kipenzi cha idara: huyu anataka vitenzi vya kauli ya kutendwa, yule anataka methali, mwingine ananifuata hadi jikoni bwenini kuuliza kama naweza kusema hivi au vile. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Upweke wa wiki za mwanzo unakufanya umpende yeyote anayekuuliza chochote. Mwisho wa mwaka nilikuwa nimeshukuriwa kwenye utangulizi wa kazi nne za watu, "kwa subira ya mzungumzaji wetu", na mimi mwenyewe nimerudi na sweta mbili na kazi moja ya muhula, tena ya alama za kuvusha tu.

Kwa hiyo wajibu hivi, kwa heshima na mapema, kabla hujapanda ndege: kwenye somo la utafiti wa lugha utajiandikisha kama mwanafunzi, utaandika kazi ya muhula na kupewa alama kama wenzako. Wakichagua lugha nyingine kwa muhula huo, kheri kubwa, utajifunza kuuliza bila kujua jibu. Wakitaka Kihaya chako, iwe saa nyingine, kwa mkataba na malipo ya saa, kama wanavyomlipa mwanafunzi msaidizi yeyote. Wala usione haya kutaja pesa. Wao hawataona ajabu. Ajabu wataona ukifanya bure.

Madarasa ya Kiswahili ni habari nyingine, na hapo nakushauri ukubali, lakini saa mbili kwa wiki zisizidi. Mgeni anayejifunza Kiswahili anakuuliza mambo ambayo mzawa hayaoni kamwe. Atakuuliza kwa nini tunasema rafiki yangu na siyo "rafiki wangu", halafu hapo hapo tunasema rafiki mzuri na siyo "rafiki nzuri". Kivumishi kinamwona mtu, kimilikishi kinaliona umbo la neno. Atakuuliza kwa nini kiboko ni mkubwa akiwa mtoni na ni kikubwa akiwa mkononi mwa mwalimu. Ukimjibu "ndivyo tunavyosema" umepoteza nafasi. Beba daftari, andika swali, kasome usiku. Nawajua watu waliopata mada ya tasinifu kwenye maswali ya namna hiyo.

Nisome nini, umeuliza. Usiende kusoma fasihi ya Kiswahili. Hiyo unaipata nyumbani kwa walimu wanaoijua vizuri zaidi. Chukua kile ambacho huku kinatushinda kwa uhaba wa vyumba na vifaa. Kwanza fonetiki ya maabara. Kihaya ni lugha ya toni, sauti ikipanda au kushuka maana inaweza kubadilika, na toni kwa sikio peke yake inabishaniwa mpaka watu wakasirikiane. Ukiiona sauti ya bibi yako inapanda na kushuka kwenye skrini ya Praat, ile programu ya bure waliyoitunga Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam, ubishi unapungua. Praat unaweza kuipakua leo hii hapo bwenini, haihitaji viza. Unachokifuata kule ni mtu wa kukaa pembeni yako akuambie kwamba huo mstari unaouita toni ya juu ni kelele za feni.

Pili takwimu, hata kama hesabu uliikimbia kidato cha nne. Tatu, somo lolote la lugha ambayo haina udugu na Kibantu. Mtu aliyezoea ngeli anaamini kila lugha duniani inapanga majina yake kwenye makabati. Akikutana na Kituruki, kisicho na ngeli wala jinsia, ndipo anaanza kuona ngeli ni kitu cha ajabu kinachohitaji maelezo. Isimu historia nayo chukua ikiwepo. Ukiwa huko, fungua hazina ya mizizi ya Kibantu ya Tervuren, Ubelgiji, utafute maneno ya nyumbani. Kihaya utakikuta kwa namba ya Guthrie, yule aliyezipanga lugha za Kibantu kwa herufi na namba: E22, jirani na Kinyambo E21 na Kizinza E23. Kiswahili kiko mbali kidogo, G42.

Kuhusu Kijerumani, angalia kwa makini. Masomo mengi ya shahada ya kwanza kule hufundishwa kwa Kijerumani. Ya Kiingereza utayapata zaidi ngazi ya umahiri. Waombe orodha ya masomo ya muhula husika, na kila somo limeandikwa linafundishwa kwa lugha gani, kabla hujasaini chochote. Anza kujifunza sasa, Goethe-Institut wapo hapo hapo Dar es Salaam. Sababu yangu kubwa, hata hivyo, si ya dukani wala ya kwenye basi. Maelezo mengi ya mwanzo ya lugha za Tanganyika yaliandikwa kwa Kijerumani na wamisionari na maofisa wa kabla ya 1918, na yamelala kwenye majarida kama lile la Seminari ya Berlin, lililoanza 1898. Kuna kitabu kizima cha Hermann Rehse cha 1910 kuhusu Kiziba, mojawapo ya falme za zamani za Bukoba. Mna makosa humo, na dharau mna pia. Lakini ni Bukoba ya zaidi ya miaka mia iliyopita, na mwanaisimu wa Kihaya asiyeweza kukisoma anategemea wengine wamsimulie habari za kwao.

Sasa hofu ya wenzako. Mwaka haupotei wenyewe, hupotezwa na karatasi. Mwaka wa Ulaya una krediti 60, wetu una 120. Ukilinganisha mwaka kwa mwaka, krediti moja yao ni mbili zetu, ila anayeamua ni idara yako. Pata makubaliano ya masomo yenye sahihi tatu, yako, ya idara yako na ya kule, na jina la kila somo liwe lile lile litakalotokea kwenye matokeo. Masomo yangu mawili yalikataliwa niliporudi kwa sababu fomu ilisema kitu kimoja na matokeo yakasema kingine. Ukibadilisha somo katikati, na utabadilisha, omba sahihi upya wiki hiyo hiyo. Kama unasomeshwa kwa mkopo, waandikie Bodi ya Mikopo barua kabla ya kuondoka, ubaki na nakala yenye mhuri.

Mtego mwingine ni alama. Huku GPA ya 5.0 ni ya kuchinjiwa mbuzi. Kule 5.0 ni kufeli. Bora kuliko zote ni 1.0, na 4.0 ndiyo ya kuvukia. Hakikisha matokeo yanakuja na maelezo ya alama, vinginevyo karani atakayeyapokea atakuonea huruma bure. Na kazi za muhula kule huandikwa baada ya vipindi kwisha: vya baridi huanza katikati ya Oktoba hadi mapema Februari, vya kiangazi Aprili hadi Julai, kisha unapewa wiki kadhaa za kuandika. Ukirudi nyumbani Julai na kazi mbili hazijaandikwa, ndizo hizo zitakazokurudisha nyuma, kuliko Ujerumani wenyewe. Andika ya kwanza Februari, usiku bado mrefu na hakuna cha kukutoa nje.

Viza: kwa kuwa uko kwenye mpango, barua ya ufadhili ndiyo dhamana yako, mradi itaje kiasi cha kila mwezi. Asiye na mfadhili hutakiwa kuweka pesa mapema kwenye akaunti ya kufungwa, anayochota kidogo kidogo kila mwezi, na tangu Septemba 2024 kiasi chake ni euro 11,904 kwa mwaka, yaani 992 kwa mwezi. Ukiwa na kibali cha kuishi utaweza pia kutembelea nchi nyingine za Schengen. Bayreuth, huko huko Ujerumani, kuna Kongamano la Kiswahili, na Leiden, Uholanzi, kuna mkutano wa lugha za Kiafrika kila Agosti. Nenda angalau mmoja. Uingereza ni viza nyingine.

Maisha ya huko utayazoea, sitayatolea mahubiri. Desemba jua linazama kama saa kumi alasiri na utadhani umelaaniwa. Vumilia, Machi ipo. Mhadhiri akimaliza, watu hawapigi makofi, wanagonga meza kwa vifundo vya vidole. Siku ya kwanza nilidhani wanamfukuza. Ila saa ndizo zitakazokuumbua. Ratiba ikiandika saa nne yenye herufi c.t., kipindi kinaanza saa nne na robo, na ile robo ni halali ya chuo tangu zamani. Kisha mtu atakwambia mkutane halb zehn. Zehn ni kumi, halb ni nusu, na wewe unapiga hesabu: kumi na nusu kwa saa zao, kwetu saa nne na nusu. Umekosea. Mjerumani anahesabu nusu ya kuelekea kumi, kwa hiyo ni saa tatu na nusu asubuhi, na ukifika saa nne na nusu mwenzako alishaondoka amenuna. Mimi nilimkosa hivyo msimamizi wangu. Mwanaisimu mzima! Usiku ule niliandika kurasa mbili kuhusu majina ya saa, nazo ndizo zikawa ile kazi yangu moja ya muhula.

Limebaki la hapa nyumbani, na usilipeleke Septemba. Kabla ya kuondoka nenda Bukoba na kinasa sauti. Simu nzuri inatosha, mradi irekodi kwa WAV, si MP3. Chagua siku isiyo na mvua, nami najua kwa Bukoba nakuomba kitu kigumu, lakini mvua juu ya bati inafuta kila toni uliyoifuata. Usimpe bibi orodha ya maneno ya kutamka. Mwache aeleze rubisi, pombe yetu ya ndizi, inavyotengenezwa tangu ndizi zinavunwa, au alivyoolewa, au alichokifanya jana sokoni na leo asubuhi, hapo utapata njeo zako zote tatu bila kuziomba. Saa tatu nne za mazungumzo zinatosha kukulisha mwaka mzima maabara. Nakala moja iache kwa mjomba, moja kwenye idara yako, moja ubebe. Ukifika kule ukiwa na hizo, hutakuwa tena na muda wa kukaa kile kiti cha mbele kila wiki, maana una swali lako mwenyewe unalolitafutia jibu, na wao ndio watakuwa wanakusaidia.

Kabla hujabonyeza kitufe, muulize kama anakubali, kwa Kihaya, na umweleze sauti yake itakwenda wapi. Jibu lake nalo lirekodi.